Nimerudi kutoka mafunzoni, zamu yangu ya asubuhi amepewa mwingine

Dallas, Jumatatu jioni

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee, na huu ni mwaka wangu wa pili katika Jeshi la Akiba la Marekani, ambalo wengi wetu hulitumikia kwa muda huku tukiwa na kazi za kiraia. Nimerejea kutoka mafunzo ya miezi minne, na siku ya sita nikampelekea afisa utumishi DD-214 yangu, yaani cheti cha kumaliza utumishi wa kijeshi, ili nirudi kazini. Ameniambia kwamba zamu ya asubuhi, niliyoishika kwa miaka mitatu, ameshapewa mtu mwingine, kwamba iliyobaki ni ya usiku kwa mshahara uleule, na kwamba fomu ya mwajiriwa mpya niitie sahihi kabla Ijumaa haijaisha. Nina watoto wawili wadogo na usiku sina wa kuwaachia. Je, niitie sahihi fomu hiyo huku nikiendelea kudai haki yangu, au nikatae kwanza?

Columbus, Jumatatu usiku

Pole sana, dada. Muda unao, kwa sababu USERRA, sheria ya Marekani inayolinda kazi za wanaokwenda jeshini, inakupa siku 90 za kuomba kurudi kazini. Mimi hapa ghalani nililazimishwa kukatwa siku za likizo kila nilipokwenda drili, yaani mazoezi ya kijeshi, nikavumilia mwaka mzima kwa kutojua kwamba mwajiri haruhusiwi kulazimisha hivyo.

Tacoma, Jumanne

Kaka wa Columbus, naomba tusipotoshane katika jambo linalohusu riziki ya mtu. Siku 90 ni za aliyetumikia zaidi ya siku 180. Aliyetumikia siku 31 hadi 180, kama dada yetu, anazo 14 tu, na laiti angefuata ushauri wako bila kuwa ameshakwenda kwa afisa utumishi, angejiweka pabaya. Kuhusu mshahara uleule, sheria hii ya mwaka 1994 haikuishia kwenye mshahara: inataka mtu awekwe pale ambapo angekuwa kama asingeondoka, miaka yake ya utumishi ikihesabiwa bila pengo, na hadhi yake ikilindwa. Kanuni za Wizara ya Kazi zinaitaja zamu miongoni mwa mambo yanayoweza kuwa sehemu ya hadhi hiyo. Ni kweli kwamba kwa utumishi uliozidi siku 90 mwajiri anaweza kumpa nafasi nyingine, lakini lazima iwe inalingana na ile ya kwanza. Isitoshe, kwa siku 180 tangu arudishwe hawezi kufukuzwa bila sababu ya haki.

Portland, Maine, Jumanne

Dada atazame kwanza amri yake imetoka kwa nani. Mimi ni wa Walinzi wa Taifa, askari wa akiba ambao hata gavana wa jimbo anaweza kuwaita; gavana alituita siku 9 wakati wa mafuriko, nami niliporudi nikaambiwa kwamba USERRA hainihusu, nitegemee sheria ya jimbo.

Tacoma, Jumatano

Jeshi la Akiba ni la serikali kuu, wala haliitwi na gavana. Suala lako la siku 9 ni zito, kwani tangu mwaka 2021 wito wa gavana wa siku 14 au zaidi unalindwa, na hata mfupi hulindwa maafa yakitangazwa kitaifa, lakini halimsaidii dada.

Columbus, Jumatano

Nakubali kosa langu la siku 90. Mama yangu yuko Tanga, na kwake mwanajeshi ni mwanajeshi mpaka astaafu. Nikimweleza kwamba Jumapili nilivaa gwanda na Jumatatu nikapakia mizigo, hunyamaza kwenye simu, nami hujua kwamba anaogopa nimefukuzwa pote pawili.

Dallas, Alhamisi

Nawashukuru nyote. Nimewapigia ESGR, ofisi ya serikali inayosuluhisha wanajeshi wa akiba na waajiri wao, na mpatanishi wao atazungumza na mwajiri bila malipo, lakini ni Jumatatu ijayo, ilhali fomu inatakiwa kesho. Je, yupo kati yenu aliyewahi kuitia sahihi fomu kama hii, kisha miaka yake ya utumishi ikarudishwa?