Naomba ushauri: mlo usio na pombe wala nguruwe katika mgahawa wa Kifaransa wenye vionjo vya Kijapani

Asalaam alaykum ndugu zangu. Tunaishi Lyon, na mwezi ujao tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Natamani kumpeleka mke wangu Au 14 Février, mgahawa wa kijijini Saint-Amour-Bellevue, katikati ya mizabibu ya Beaujolais. Mpishi wake, Masafumi Hamano, ni Mjapani anayepika Kifaransa kwa vionjo vya kwao.

Shida ni kwamba hatuli nguruwe wala hatugusi pombe. Michuzi mingi ya Kifaransa huanza na divai. Upande wa Kijapani kuna sake, yaani pombe ya mchele, tena kuna mirin, kiungo kitamu cha majimaji cha kupikia, ambacho wengi hudhani ni sukari tu kumbe nacho kina pombe. Jelatini, ile ya kugandisha vyakula, nayo mara nyingi hutokana na nguruwe. Na migahawa ya hadhi hii huleta mlo uliopangwa, sahani baada ya sahani.

Mliowahi kula sehemu kama hizi, niwaeleze wenye mgahawa wakati wa kuweka nafasi, au nipige simu tena siku chache kabla? Wanakubali kweli kubadilisha michuzi, au nitaonekana namvunjia mpishi heshima? Mke wangu anapenda samaki kupita kiasi. Sitaki akae pale akila kwa wasiwasi. Na usiku, bila gari, mnarudije mjini?