Tupeane uzoefu: kumuenzi mtumishi aliyekataa kuonea raia, bila kumponza

Mwaloni_Kirumba: Wakuu wa Kanda ya Ziwa, wapo maofisa uvuvi, askari na watendaji wa kata wanaogoma kusaini hati za uongo au kuchoma nyavu halali. Tunawapongezaje? Leteni kinachofanya kazi.

Inchi6: Anzeni na barua, fulana baadaye. Ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Tajeni tarehe, mwalo (ufukwe wanakoshushia samaki), amri aliyopewa na sheria aliyoisimamia. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Kama ofisa alimpima kwa rula mbele ya mwenye mtumbwi, akamkuta ametimia na kukataa kuandika kinyume, semeni hivyohivyo. Ombeni iingie kwenye jalada lake binafsi, na nakala yenu igongwe muhuri masjala. "Ni mchapakazi" peke yake haimsaidii akiitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Mama Igogo: Kwa polisi, chungeni maneno. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe, ila saa 48 zikiisha bila kufikishwa kwa hakimu anaachiwa, na hakamatwi tena kwa sababu ileile. Askari wa zamu aliyemtoa mahabusu saa hizo zilipotimia, andikeni "alifuata sheria". Mkiandika "alimgomea DC" mmemwandalia mashtaka.

Inchi6: Hapo umemaliza, mama.

Dagaa_Mkavu: Na redioni msikimbilie. Sifa za hadharani wakati shauri bado bichi huzaa uhamisho wa ghafla. Subirini Wiki ya Utumishi wa Umma, Juni 16 hadi 23. Kwa tuzo ya mfanyakazi bora ya Mei Mosi, zungumzeni mapema na wenzake wa idara. Mwishoni mwa Aprili majina yameshapita. Bahasha msimpe, hata sangara mmoja: anayemuwinda atakwenda TAKUKURU nayo.

Mwl_Nyegezi: Cheti kitaje tendo lenyewe. Hugh Thompson, rubani wa jeshi la Marekani, aliwazuia wenzake wasiendelee kuua raia My Lai, Vietnam, mwaka 1968. Nishani ya kwanza ilidai aliokoa mtoto kwenye majibizano makali ya risasi. Uongo mtupu, akaitupa. Nishani yenye maelezo ya kweli aliipata 1998, miaka 30 baadaye!

Mama Igogo: Akifukuzwa kazi, rufaa ina siku 45. Wengi huzimaliza wakisubiri wazee wayamalize kienyeji. Mkichanga, fedha ziende kwa wakili moja kwa moja na risiti ichukuliwe.