Umeme wa maji wa kijiji, kilowati 120 tu: leseni haitakiwi lakini vibali vinatuzungusha mwaka wa tatu

Wa Korongoni

Wakuu habari zenu. Naomba mawazo ya wenye uzoefu na umeme mdogo wa maji, sisi huku nyanda za juu kusini tumekwama na sijui tena pa kushika.

Kijiji chetu kina mto unaoporomoka korongoni, toka juu mpaka chini ni mita 60 hivi. Masika tulipima kwa chungwa na saa ya simu, unalitupa pale mto ulipoonyooka unahesabu sekunde mpaka likate mita 10, tukarudia weee mpaka vijana wakachoka, ukizidisha na upana na kina cha mto ikaja kama lita 300 kwa sekunde. Injinia aliyetusaidia akapiga hesabu akasema hapo kuna kilowati 120. Zahanati, mashine mbili za kusaga na nyumba za vitongoji vitatu, inatosha kabisa. Hela ya kuanzia tumechanga wenyewe, watu wameuza mbao, wengine parachichi.

Sasa sheria ya umeme ya 2008 inasema chini ya megawati 1 huombi leseni, tukashangilia tukajua tumemaliza. Kumbe leseni ndo ilikua kitu kidogo kuliko vyote. Kuna kibali cha kutumia maji, kuna cheti cha mazingira, kuna ardhi ya kijiji inayotaka muhtasari wa mkutano mkuu, na kila mlango unataka uanze na karatasi ya mlango mwingine. Ofisi moja ikasema leteni kwanza cheti cha mazingira ndo tusome barua yenu ya maji, tukaenda upande wa mazingira tukaulizwa kibali cha maji kiko wapi. Muhtasari wenyewe umeshachanika kwenye mkunjo kwa kufunguliwa, na mwenyekiti aliyesaini amemaliza muda wake kwaiyo tukaambiwa tuitishe mkutano upya.

Swali: huu utaratibu unaweza kurekebishwa vipi? Na kuna aliyewahi kupenya, alianzia wapi?

Mama Sola

Pole sana kaka. Nilikua mhasibu wa mradi wa aina hii ila wetu ulikua mkubwa kidogo, wa kuuza gridi. Kwa uzoefu wangu anzia kwenye maji, usianzie kwingine, kwasababu bila maji hakuna mradi. Bodi ya maji ya bonde ndo inayotoa kibali kwa sheria ya rasilimali za maji ya 2009, na muombe wawaandikie hata barua ya kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi. Hiyo barua ndo mnaenda nayo kwa watu wa mazingira. Sisi ilitufungulia mlango.

Kuhusu kurekebisha, mie nasema hivi, nchi hii ilishawahi kufanya jambo zuri sana kwa wazalishaji wadogo na hatulisemi vya kutosha. Zamani ukitaka kuiuzia TANESCO unajadiliana mkataba toka sifuri, mwanasheria wako na wanasheria wao, mnamaliza hela kabla hamjachimba hata shimo. Ikaja mikataba ya mfano kwa miradi midogo isiyozidi megawati 10, mkataba umeshaandikwa unajaza nafasi. Ndo maana tukaona kitu kama Mwenga kule Mufindi, megawati 4, umeme unaenda gridi na vijijini pia. Sasa kwanini kibali cha maji na mpango wa mazingira kwa mradi usio na bwawa visiwe na mfano wake hivyo hivyo? Banio dogo la kuchepusha maji, bomba, nyumba ya mashine, maji yanarudi mtoni. Mambo ya kuangalia karibu yanafanana kila mahali, ila kila kijiji kinaajiri mshauri wake aandike ripoti nene upya, na hela ya ripoti kwa mradi wa kilowati 120 inaweza kununua bomba la kutosha.

Mvuvi wa Chini

Samahani wakuu mimi nitakua tofauti kidogo. Mnaongelea vibali kama mwiba tu. Kihansi je? Mtambo wa megawati 180, chura wa pale asiyepatikana kwingine aligunduliwa 1996 ujenzi umeshaanza, maji yakageuzwa kwenda kwenye mashine 1999/2000 na ule mvuke wa maporomoko uliokua unawalowanisha ukakata. Ikabidi wafunge mabomba ya kunyunyizia korongoni, chura wengine wakapelekwa Marekani kuzalishwa, na 2009 ikatangazwa hawapo tena porini. Maswali ya maji yanayobaki mtoni yaliulizwa kwa kuchelewa, basi.

Najua chako ni kidogo sana ukilinganisha. Ila nikuulize ndugu yangu, lita 300 umepima masika. Oktoba ni ngapi? Na kati ya banio na nyumba ya mashine hakuna watu wenye vinyungu, vile vishamba vya bondeni? Maana kule kwenu kiangazi mboga na mahindi mabichi yanatoka kwenye vinyungu, ukichukua maji yote pale juu yakapita kwenye bomba, kale kakipande ka mto kanabaki mawe matupu. Mwenye kinyungu haendi mjini kugonga milango, yeye atakutana na wewe usiku kwenye banio.

Dada wa Minnesota

Niko Marekani, nafanya kazi kwenye kampuni ya uhandisi. Huku kuongeza muda wa leseni ya bwawa kubwa inaweza kula miaka 5 na kuzidi, msidhani ni kwenu tu. Ila 2013 walipitisha sheria moja nzuri, mtambo ukifungwa kwenye mfereji au bomba ambalo tayari lipo kwa kazi nyingine kama umwagiliaji, hauhitaji leseni ya tume yao ya nishati, FERC. Unatuma taarifa, inatangazwa, watu wanapewa siku za kupinga (2018 wakazipunguza toka 45 mpaka 30), asipotokea mwenye hoja unaendelea. Mto hauguswi upya, ndo sababu. Nawaza mifereji yetu ya Kilimanjaro na skimu zote za mpunga zenye mteremko. Hapo ndo pa kuanzia kulegeza, sio kwenye mto mpya.

Wa Korongoni

Asanteni sana, nimesoma kila neno.

Mvuvi, umenigusa penyewe. Oktoba tulipima pia ila sikuandika hapa, ni lita 90. Injinia akasema hapo mashine inatoa chini ya kilowati 40, na hiyo ni kama tunachukua yote. Vinyungu vipo, nimehesabu kichwani, familia 11 na mmoja ni shemeji yangu. Kwaiyo ukweli kiangazi itabidi mashine moja ya kusaga isimame mchana na maji mengine yaachwe mtoni, na hilo hatukuliandika kwenye ombi letu kabisa.

Ila bado nasema faili liwe moja. Mtu wa maji, mtu wa mazingira na mtu wa ardhi waje siku moja, wasimame wote pale kwenye banio, waulize hilo swali la Oktoba mbele ya hao wenye vinyungu. Sisi katika miaka hii yote hakuna ofisa hata mmoja aliyeshuka korongoni, na swali nimeulizwa na wewe hapa.

Mama Sola

Hilo la kiangazi liandikeni kabla ya kurudi ofisini, lita ngapi zinabaki mtoni mwezi kwa mwezi. Na hao 11 wasaini.

Wa Korongoni

Sawa dada. Jumamosi kamati inashuka na rula ya mbao tuichimbie pale chini ya daraja, shemeji amekubali kuandika kipimo kila asubuhi akienda shamba.