Naomba ushauri: onyesho lililochukua nafasi ya La Nouba

Ndugu wanachama, heshima zenu. Naomba ushauri kwa wanaoifahamu Walt Disney World, eneo kubwa la burudani huko Florida, Marekani. Mama yangu mzazi alilipenda mno La Nouba, onyesho la sarakasi la kampuni ya Cirque du Soleil lililodumu katika ukumbi wake huko Disney Springs, sehemu ya maduka na burudani ya Walt Disney World, tangu Desemba 1998 hadi lilipofungwa mwishoni mwa 2017, na sasa anatarajia kututembelea tena. Mahali pake pana onyesho la Drawn to Life, la kampuni hiyo hiyo, lililocheleweshwa na UVIKO-19 hadi Novemba 2021, nalo linamhusu binti aliyeachiwa na marehemu baba yake, mchoraji wa katuni, kazi ambayo haikukamilika. Nimetazama vipande vya video na kusoma maelezo ya tiketi, lakini humo naona katuni nyingi kuliko wanasarakasi, jambo linalonitia shaka, kwani mama hapendi katuni hata kidogo.

Kwa mliotazama maonyesho yote mawili: je, sarakasi bado ndiyo kiini, au imekuwa pambo la hadithi? Na je, asiyejua Kiingereza ataweza kuifuata hadithi hiyo bila mkalimani wa kumnong'oneza, maana mkalimani mwenyewe ni mimi na majirani wa viti hawatafurahi?