Springi ya sili: waya wa milimita 0.5 umenichomea mpira, nimekosea wapi?

FundiKibuye:
Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi wa mitambo hapa Kisumu. Nina mteja upande wa Malava mwenye kinu cha miwa cha sukari nguru. Shafti moja pale ni ya milimita 60, inazunguka kama mara 300 kwa dakika, na beringi yake inalindwa na sili ya mpira, ile yenye springi nyembamba ya duara mgongoni mwa mdomo unaogusa shafti. Sili nimeigeuza makusudi, springi inatazama nje, kwa sababu pale shida si grisi kutoka, ni maji ya miwa kuingia. Springi inayokuja na sili ni chuma cha kawaida. Maji ya miwa yanachacha usiku, asubuhi wanaosha kinu, na baada ya wiki chache springi imeliwa na kutu hadi ikakatika. Mpira wenyewe bado mzima!

Nikaamua kusuka yangu ya stenlesi. Nilipata waya wa milimita 0.5, nikausuka upana wa nje milimita 2.4 kama ya zamani, urefu milimita 190 vilevile. Nikajipongeza. Siku ya tatu mteja anapiga simu, kuna harufu ya mpira kuungua. Nilipofungua, mdomo wa sili umekuwa mgumu kama ukucha na shafti imechimbwa mfereji. Waya wangu ni mzuri kuliko wa kwanza, sasa nimekosea wapi?

SpeaNaZaidi:
Boss, unajisumbua bure. Nunua sili tano uweke stoo, badilisha kila mwezi.

FundiKibuye:
Kufungua pale ni nusu siku, na miwa iliyokatwa haingoji.

Jirani_wa_Kondele:
Mimi springi ikilegea naikata kidogo, naiunga tena, kazi inaendelea. Jaribu hivyo na ya stenlesi.

MstaafuWaMvuke:
Kukata ni sawa kama unajua unaongeza kiasi gani. Wengi wanakata kwa jicho, ndio maana shafti za watu zina mifereji.

FundiKibuye, ya zamani ilikuwa waya wa unene gani? Bila shaka ulipima upana wa nje tu.

FundiKibuye:
Shikamoo mzee. Nimepima kipande kilichobaki, mahali pasipo kutu. Ni 0.4. Lakini hiyo ni tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita!

MstaafuWaMvuke:
Marahaba. Hiyo sehemu moja ya kumi ndiyo iliyokuchomea mpira. Ugumu wa springi unapanda kwa unene wa waya uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne, kisha unashuka kwa upana wa koili uliozidishwa hivyohivyo mara tatu, na kwa idadi ya mizunguko. Chukua stenlesi, urefu 190. Waya wa 0.4 una mizunguko 475, na upana wa katikati ya koili, yaani 2.4 ya nje ukitoa unene wa waya, ni 2.0. Inatoka kama nyutoni 0.058 kwa kila milimita unayovuta. Waya wa 0.5 una mizunguko 380 tu, na kwa sababu nje ni 2.4 ileile, katikati inabaki 1.9. Inatoka 0.207. Yaani mara tatu na nusu. Hapo sijagusa mvuto wa mwanzo, ile nguvu inayoshikanisha koili kabla hazijaachana, ambayo nayo imepanda.

Nilifanya kazi kwenye turbini za mvuke za kiwanda cha sukari. Kule kuna pete za kaboni zilizokatwa vipande, zimekumbatiwa na springi ya aina hii hii zisiachie shafti. Hatukuwahi kuagiza springi kwa kusema "iwe kali". Tuliandika: ikivutwa hadi urefu huu, ivute kwa nguvu hii. Basi.

FundiKibuye:
Sasa huo urefu wa kuvutwa nitaujuaje, na springi ni duara?

MstaafuWaMvuke:
Ivishe sili kwenye shafti bila springi. Zungusha uzi kwenye mfereji wa sili unaokaa springi, pima uzi. Kisha ongeza upana wa nje wa koili mara 3.14, kwa sababu springi inafanya kazi kwenye mstari wake wa katikati, haifanyi kwenye sakafu ya mfereji.

FundiKibuye:
Uzi umetoa 200. Na 2.4 mara 3.14 ni kama 7.5. Kwa hiyo 207.

MstaafuWaMvuke:
Vizuri. Springi ya 190 inavutwa milimita 17. Kwa waya wa 0.4 hiyo ni nyutoni moja, na mvuto wa mwanzo tuseme nyutoni moja nyingine. Jumla mbili. Gawa kwa nusu kipenyo cha duara, milimita 33, unapata kama 0.06 kwa kila milimita ya mdomo. Inatosha, maana mpira wenyewe pia unabana.

Kupima hakuhitaji maabara. Fungua kiungo, ining'inize springi wima, funga mfuko wa mchanga uliopimwa. Gramu 100 ni karibu nyutoni moja. Koili zianze kuachana karibu na gramu 100, na kwa gramu 200 urefu ufike 207. Kama unaweza, nunua sili mpya ya namba ileile, toa springi yake uipime hivyo kwanza. Hiyo ndiyo sampuli yako. Stenlesi ni laini kuliko chuma cha kawaida kwa kama asilimia 13, lakini hapa utapoteza gramu 15 tu. Usiifidie kwa kunenepesha waya!

Mkerezaji_Nakuru:
Naongeza upande wa kusuka. Stenlesi inaruka ikiachiliwa, kwa hiyo ukitaka nafasi ya ndani ya 1.6, sukia kwenye pini nyembamba zaidi, anza na 1.3 ujaribu. Elekeza waya uegemee koili iliyotangulia, ndipo utapata mvuto wa mwanzo. Halafu iweke kwenye tanuri lenye kipimo, kama digrii 340 kwa nusu saa. Joto hilo linapunguza mvuto wa mwanzo, kwa hiyo mfuko wa mchanga ni baada ya tanuri.

Ncha moja iwe na mkia mwembamba unaoingia ndani ya ncha ya pili. Kabla ya kuunga, zungusha nyuma mara kadhaa, kisha uachie ijifunge. Ukiunga kwa kusokota mbele, duara litajikunja kama nambari nane.

FundiKibuye:
Nimeining'iniza ile ya 0.5. Imefika 207 kwa gramu 620. Mara tatu!

Waya wa 0.4 nimeagiza. Mfereji kwenye shafti je, nisugue na msasa?

Mkerezaji_Nakuru:
Usisugue, utaacha mistari inayosukuma maji ndani kama skrubu. Kama beringi ina nafasi, weka kipete nyuma ya sili ili mdomo ukae milimita tatu pembeni ya mfereji. Kama hakuna, niletee shafti niivishe slivu, yaani bomba jembamba la kufunika mfereji. Kina cha mfereji ni kiasi gani?

FundiKibuye:
Ukucha unakwama. Naenda Malava Jumamosi na venia ya kupimia, nitarudi na picha.