Kwaresima ipi hutakuja kuisahau? Tupeane uzoefu

Nuru: Wapendwa, leo nimesoma Mathayo 6, ile ya ukifunga jipake mafuta na unawe uso, nikakumbuka 2024 Jumatano ya Majivu, siku tunayoanza mfungo huu wa kabla ya Pasaka, iliangukia 14 Februari, siku ya wapendanao. Kazini watu nyekundu tupu, maua kila meza, mimi majivu kwenye paji la uso. Nilifunga kwa raha siku ile sijui nielezeje. Yako ipi?

Kinanda: Mimi ni kila mwaka Aleluya inapoondolewa. Wimbo wa Utukufu hakuna, zambarau kila mahali. Ndo unajua ilikuwa inakubeba.

Fundi: Kweli kabisa.

Kitinda mimba: Ngoja niseme tu. Mama yetu alifariki Jumanne ya Juma Kuu, mpaka ndugu wa mbali wafike mazishi yakaangukia Ijumaa Kuu. Padre akatuambia siku hiyo hakuna Misa hata ya mazishi, ni ibada ya Neno na kuzika, hakuna kuimba, hakuna kinanda, hakuna kengele. Na mama kaimba sauti ya pili tangu usichana wake! Wanakwaya wenzake wamesimama na sare zao wamefunga midomo, altare haina hata kitambaa, unasikia viatu vya waliobeba jeneza tu. Kaka akawaka palepale, mama kakosa nini azikwe kimya kama hana watu?? Mimi nililia kwa hasira kuliko msiba. Kesho yake usiku nikajikokota Mkesha wa Pasaka, taa zote zimezimwa, mshumaa wa Pasaka unaingia, watu wanawashiana mishumaa, ilipofika Utukufu kengele zikalia zote kwa pamoja mwili mzima ukatetemeka, nikasema hizi ni za mama. Nikasamehe palepale. Kaka mpaka leo hajasamehe.

Nuru: Pole sana. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Msema kweli: Huyo padre ana roho ngumu. Wimbo mmoja ungepunguza nini?

Katekista: Usimlaumu padre, ni utaratibu wa Kanisa zima, Ijumaa Kuu Misa haiadhimishwi popote duniani. Mama yao kazikwa siku aliyozikwa Bwana, hiyo ni heshima.

Msema kweli: Heshima kamweleze mfiwa siku ya mazishi uone.

Mlokole: Kwaresima yenyewe Biblia haijaiagiza.

Katekista: Yesu alifunga siku 40 jangwani, Mathayo 4. Hatukujitungia.

Fundi: Mbona kwenye kalenda tangu Jumatano ya Majivu mpaka Pasaka zinatimia 46?

Kinanda: Toa Jumapili 6, Jumapili hatufungi.

Mama Pacha: Turudi kwenye mada. Mi nasema kuacha nyama bila kumpa mwenye njaa ni kubana matumizi, someni Isaya 58. Acheni na simu usiku.

Fundi: Simu hapana, ndo nasalia rozari humo.

Nuru: Kitinda mimba, Misa ya mama mlifanya?

Kitinda mimba: Baada ya Pasaka. Kwaya iliimba mpaka sauti zikakauka. Kaka hakuja.

Mama Pacha: Mfuate Ijumaa hii muende Njia ya Msalaba, ile sala ya kufuata mateso ya Yesu. Usimweleze kanuni yoyote, tembea naye tu vituo vyote 14.

Msema kweli: Mwache kwanza. Atakuja mwenyewe.