Seva ya kwanza yenye Debian: nianzie wapi?

Mwanagenzi aliuliza:
Habari zenu, ndugu zangu. Nimekodi seva ndogo yenye RAM ya GB 1 ili niweke tovuti ya chama chetu cha akiba na mikopo, nami nimechagua Debian kwa kuwa ni mfumo endeshi huria usiodai leseni ya kulipia. Tangu nijue kompyuta nimetumia Windows, na hapa nimekutana na skrini nyeusi inayosubiri amri. Je, niweke kwanza mazingira ya picha ili nione ninachofanya?

Fundi wa Seva alijibu:
Karibu sana. Usiyaweke, kwa sababu yatakula RAM ambayo tovuti inaihitaji, na kila programu ya ziada ni mlango mwingine wa kulinda. Amri za kila siku ni chache na utazizoea. Anza na `apt update`, kisha `apt upgrade`, ili kusasisha programu za seva, halafu unda mtumiaji wa kawaida mwenye ruhusa ya sudo (amri ya kuazima mamlaka ya msimamizi inapohitajika), maana ukishinda ndani ya root, yaani akaunti ya msimamizi mkuu, amri moja iliyokosewa inaweza kufuta mfumo mzima. Tengeneza jozi ya funguo za SSH, njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kwa `ssh-keygen` kwenye kompyuta yako. Ufunguo wa siri ubaki kwako, ule wa hadharani uupeleke kwenye seva. Ukishahakikisha kwamba unaingia kwa ufunguo, ndipo uzime nywila kwa kuandika `PasswordAuthentication no` katika `sshd_config`, faili la mipangilio ya SSH kwenye seva.

Mlinzi wa Zamu alijibu:
Naongeza jambo lililonikesha usiku mzima. Niliwasha faiwoli, yaani ukuta unaochuja mawasiliano ya mtandao, kwa `ufw enable` kabla ya kuruhusu poti 22, mlango unaotumiwa na SSH. Dirisha nililokuwamo halikukatika, nikadhani mambo ni shwari. Nilipotoka na kutaka kurudi, seva haikunipokea tena, ikabidi nipitie konsoli (skrini ya dharura ya seva) ya walionikodisha. Kwa hiyo tanguliza `ufw allow OpenSSH`, ruhusu poti 80 na 443 za tovuti, kisha uwashe, na usifunge dirisha la kwanza mpaka uingie kwa la pili.

Mwanagenzi:
Nashukuruni sana. Nimeweka nginx, programu ya kuhudumia tovuti, na ukurasa wake wa makaribisho umeonekana, lakini kurasa zetu, ambazo nimeziweka katika folda yangu ya nyumbani, zinakataa kufunguka.

Fundi wa Seva:
Soma `/var/log/nginx/error.log`, nadhani utakuta maneno *Permission denied* (ruhusa imekataliwa). Kwenye Debian, nginx hufanya kazi kwa jina la mtumiaji www-data, ambaye hana ruhusa ya kuingia nyumbani kwako, na ni vizuri asiwe nayo. Hamishia kurasa kwenye folda ya tovuti, `/var/www`, wala usishawishike kutumia `chmod 777`, inayomruhusu kila mtumiaji wa seva kuandika juu ya faili zenu. Kisha, kabla mwanachama yeyote hajajaza fomu, pata cheti cha Let's Encrypt, kinachowezesha tovuti kutumia HTTPS ili taarifa zao zisisomwe njiani, kwa programu ya certbot. Hakilipiwi, ila huisha baada ya siku 90, hivyo endesha `certbot renew --dry-run` uone kama kitajihuisha chenyewe.